Magugu ya Kiwanja cha Nyuma: Watoto Wachezee Nini, na Wasiguse Nini?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa miaka 9, na tunaishi Kasarani. Nyuma ya ploti yetu kuna kiwanja ambacho hakijajengwa, na kila mvua ikinyesha kinajaa magugu hadi kiunoni. Watoto hushinda humo wakicheza kalongo, na shuleni nako huambiwa mara kwa mara wapeleke vifaa vya asili vya somo la sanaa. Jirani yangu ananishauri niwakataze kabisa kwa sababu mimea mingine ina sumu. Je, kuna njia ya kuwaacha wacheze na watengeneze vitu kwa magugu hayo bila kuwahatarisha? Na ni vitu gani hasa vinavyoweza kutengenezwa, zaidi ya kubandika majani makavu kwenye manila?

Jibu: Marahaba, mama. Jirani yako ana sababu ya kuhofu, lakini katazo lake halitafika mbali, kwa kuwa mtoto aliyekatazwa kiwanja huingia humo wewe ukiwa kazini, na huingia akiwa hajui lolote kuhusu kilichomo. Kwa miaka mingi nimewafundisha walimu wa chekechea hapa Nairobi namna ya kutumia mimea katika sanaa, na mtoto anayenitia wasiwasi kuliko wote ni yule wa miaka 9 ambaye kwake mimea yote ina jina moja tu, “majani”. Ndiyo maana ninaanza na sharti ambalo mengine yote yatalitegemea: mtoto asichume mmea asioweza kuutaja. Jina liwe la Kiswahili, la Kikuyu, la Kiluhya, au la Kikamba alilofundishwa na nyanya yake, haidhuru, ilimradi analitumia kwa mmea ule tu na anaweza kukuonyesha anautambua kwa alama gani. Mkianza na mimea mitano mtakuwa na kazi ya likizo nzima.

Sharti la pili linahusu mdomo. Kalongo haiwezi kuwa kalongo bila upishi, na hakuna mzazi atakayefaulu kumzuia mtoto kupika ugali wa matope na sukuma wiki ya majani ya kiwanjani. Kinachowezekana ni kuifanya adabu ya mchezo wenyewe kuwa ndiyo kinga: chakula cha kalongo hupikwa, hupakuliwa, hunuswa na kusifiwa, kisha sahani hurudishwa kwa mwenyeji bila kitu kuingia mdomoni. Ukialikwa mara moja ukafanya hivyo kwa heshima zote za mgeni, mdogo ataiga, maana mtoto wa miaka 4 huiga zaidi ya anavyotii.

Sasa nitaje mimea ya kujihadhari nayo, na ninakuomba uende nayo kiwanjani mwenyewe kabla ya watoto. Wa kwanza ni mnanaha, ambao hupenda majalala na udongo uliovurugwa na ujenzi. Majani yake ni mapana yenye kingo zilizochongoka, ua lake ni jeupe au la zambarau hafifu na lina umbo la tarumbeta, na tunda lake ni la kijani lenye miiba, ukubwa wake ukikaribia wa yai dogo, nalo likikauka hupasuka pande nne na kumwaga mbegu nyeusi. Mmea wote una sumu, na mbegu zake ndizo zenye hatari kubwa: aliyezila hukaukwa na kinywa, mboni za macho humpanuka, moyo humwenda mbio na huanza kuona vitu visivyokuwapo. Tunda lile la miiba linavutia mno kwa mchezo, kwa hiyo mnanaha usiuache kiwanjani hata kidogo. Ung'oe ukiwa umevaa glavu kabla haujatoa matunda. Wa pili ni mbarika. Mbegu zake zenye madoadoa, zinazofanana na kupe aliyeshiba damu, ni nzuri kwa macho na kila mtoto hutaka kuzikusanya kama bano, lakini ndani yake mna risini, mojawapo ya sumu kali zinazojulikana katika mimea, na mbegu chache zilizotafunwa zinaweza kumuua mtoto. Ikiwa mwenye kiwanja hataki mbarika ukatwe, kata mashuke ya mbegu yakiwa bado mabichi.

Mturituri hutauona kwa urahisi Kasarani, ila unaweza kukufikia ukiwa umetungwa shanga: ni ile mbegu nyekundu yenye doa jeusi ambayo huuzwa katika mikufu na bangili. Ganda lake ni gumu, na mbegu iliyomezwa nzima mara nyingi hupita bila kuvunjika; hatari huja pale inapotobolewa ili ipitishwe uzi, kwa sababu tundu lile ndilo mlango wa sumu. Sitaki kuiona katika mikono ya mtoto, hata kama ni zawadi kutoka Pwani. Mnyaa, ambao Wakikuyu huuita kariaria na ambao ndio ua wa ploti nyingi, hutoa utomvu mweupe unaounguza jicho vibaya sana. Utomvu huo ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha mpeleke mtoto hospitalini hata kama amenyamaza. Lantana, yenye vishada vya maua ya rangi mbilimbili, ina matunda ambayo yakiwa mabichi yana sumu. Ndulele za manjano, ambazo vijijini watoto huzichomeka vijiti vinne zikawa ng'ombe, ninaziruhusu kwa mkubwa wako peke yake, kwa sharti la kunawa mikono, kwa kuwa tunda lina sumu na shina lina miiba. Gugu karoti, lenye majani yaliyochanwachanwa na maua madogo meupe, huwawasha watu ngozi na kuwasumbua wenye pumu, na nalo ling'olewe na mtu mzima aliyevaa glavu.

Ikitokea mtoto amekula kitu usichokijua, usimlazimishe kutapika. Chukua tawi la mmea huo, lenye ua au tunda kama lipo, uende nalo pamoja na mtoto, kwa maana daktari anayeuona mmea huanza tiba mapema kuliko anayeletewa maelezo ya “majani ya kijani”.

Kiwanja chenyewe kina historia yake, na historia hiyo inaweza kuwa mbaya kuliko mmea. Uliza kama kuliwahi kuwa na gereji, kwa sababu oili chafu na asidi ya betri hukaa udongoni miaka mingi; uliza pia kama kijana anayefyeka hupiga dawa ya magugu, na kama hupiga, watoto wasichume chochote mpaka magugu mapya yaote. Kando ya barabara kuu sichumi, ingawa Kenya iliacha petroli yenye risasi mwaka 2006, kwa kuwa risasi iliyokwisha kudondoka udongoni haiozi. Kando ya Mto Nairobi na vijito vyake sichumi kabisa. Msitu wa Karura, City Park na Arboretum ni mahali pa kutazama na kuchora. Kuchuma humo ni kosa, na hakuna haja, kwa sababu unachokitafuta kimejaa nyuma ya nyumba yako bila mwenyewe kukililia. Tena, msimu wa mvua kuna yule mdudu mwembamba mwenye mapande mekundu na meusi ambaye jiji letu limempa jina, Nairobi fly. Hang'ati wala haumi kwa mkia. Majimaji yaliyo mwilini mwake ndiyo yanayobabua ngozi, kwa hiyo mtoto afundishwe kumpuliza akimwona mkononi, asimponde, na kama amemponda, aoshe mahali hapo kwa sabuni mara moja bila kugusa macho.

Hofu nimeimaliza, na sasa nije kwa kile ulichouliza mwishoni, ambacho kwangu ndicho kitamu zaidi. Watu wengi hukosea kwa kuanza na kitu wanachotaka kutengeneza, mathalani kipepeo, kisha wakatafuta majani ya kuufunika mchoro wa kipepeo. Mimi huwaambia walimu waanze na tabia ya mmea. Mmea unanata, au una uwazi ndani ya kikonyo, au unatoa rangi, au una nyuzi. Muulize mtoto tabia hiyo inaweza kufanya kazi gani, na mara nyingi atapata jibu ambalo wewe usingelifikiria.

Chukua kishonanguo, kile ambacho wengi jijini hukiita blackjack. Kila mama anakijua kutokana na soksi za shule. Mbegu yake ni nyeusi, nyembamba, na kwenye ncha ina vijiti viwili hadi vinne vyenye vimiiba vilivyoelekea nyuma, mfano wa ncha ya mkuki wa kuvulia samaki, ndiyo maana huingia kitambaani kwa urahisi na kutoka kwa shida. Mwambie mkubwa wako aitazame kwa kamera ya simu iliyovutwa karibu, kisha aulinganishe uso wa mbegu na ile sehemu ya kubandika ya viatu vya mdogo wake. Mwaka 1941 mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, alirudi kutoka matembezini na mbwa wake wakiwa wamejaa mbegu za gugu jingine lenye kulabu, akazitazama kwa hadubini, na kutokana nazo akabuni kifungio ambacho alikipatia hataza mwaka 1955 kwa jina la Velcro. Gugu lile la Ulaya lina kulabu zilizopinda, na kishonanguo chetu kina vimiiba vilivyonyooka. Tofauti hiyo mtoto aigundue mwenyewe.

Baada ya hapo, tandika ukutani kipande cha blanketi kuukuu lenye manyoya, uwape bakuli la mbegu kavu za kishonanguo, na uwaache wachore. Mbegu hushika zinapoguswa tu, hazihitaji gundi, na mstari uliokosewa hubanduliwa na kuwekwa upya. Nimeona watoto wakichora matatu yenye abiria, simba mwenye manyoya ya mbegu, na hata ramani ya njia ya kwenda shuleni. Nimeona pia mtoto mmoja akigundua kwamba mbegu zikielekezwa upande mmoja zinang'aa tofauti na zilizoelekezwa upande mwingine, na kutoka hapo akachora nyasi zinazopigwa na upepo; walimu waliokuwapo walibaki kutazamana. Mkimaliza, blanketi lisikung'utiwe shambani kwa mtu, kwa kuwa mmea mmoja tu hutoa maelfu ya mbegu. Mdogo wako ashiriki ukiwa karibu, kwa sababu mbegu hizi ni nyembamba na zinaweza kumkaba akizipeleka mdomoni.

Tabia ya pili ni nyuzi, na hapa magugu yana heshima ambayo tumeisahau. Kiondo tunachokiona leo sokoni mara nyingi husukwa kwa mkonge, lakini mkonge ni mgeni uliotoka Meksiko, na ulianza kupandwa Afrika Mashariki mwaka 1893, katika koloni la Wajerumani. Kabla ya hapo wasusi walizitoa nyuzi zao katika magome ya mimea ya porini, na mmojawapo ni kile kichaka ambacho Wakikuyu hukiita mugio, chenye vitunda vidogo vya kunata, ambacho mkulima wa leo hukifyeka bila kukitazama mara mbili. Kiwanjani kwako huenda usiupate mugio, ila utapata kijigugu kigumu chenye maua madogo ya manjano ambacho vijijini hufungwa kuwa ufagio. Chagua shina refu lisilo na matawi mengi, lichubue gome kuanzia chini, kwangua ngozi ya nje kwa ukingo wa kijiko, na utabaki na utepe laini wa nyuzi.

Kusokota kamba kunahitaji kueleweka vizuri, kwa kuwa hapo ndipo watoto hukata tamaa. Gawanya utepe mara mbili, ziweke nyuzi zote mbili juu ya paja, na uziviringishe kwa kiganja kuelekea gotini, kila moja ikijisokota peke yake. Bila kuziachia, zikutanishe na uvute kiganja kurudi upande wa tumbo. Nyuzi zitajizungusha moja juu ya nyingine kwa mwelekeo ulio kinyume. Siri yote ya kamba iko katika ukinzani huo: kila uzi unataka kujifungua upande wake, mwenzake anauzuia, na kadiri vinavyong'ang'ania ndivyo kamba inavyokaza. Mtoto wa miaka 9 hufanikiwa kwa siku moja au mbili. Majani mabichi ya mkonge wenyewe msiwape watoto wayakwangue, kwa maana maji yake huwasha vikali.

Akishapata kamba, kuna mambo mengi yanayofunguka, na lililo karibu zaidi na Nairobi ni mpira. Tulipokuwa watoto mpira ulikuwa wa juala, yaani mifuko ya plastiki iliyofungwafungwa, na tangu mifuko hiyo ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, mafundi wa mipira wa mitaani wamelazimika kubuni upya. Mpira mzuri hutoka kwa majani makavu ya mgomba yaliyoviringwa kwa nguvu, yakafungwa kwa wavu wa kamba iliyosokotwa nyumbani. Haurushwi mbali kama wa dukani, lakini hauvunji dirisha la jirani, jambo ambalo katika ploti lina thamani yake.

Kuhusu uwazi wa ndani ya vikonyo nitasema machache. Kikonyo cha jani la mpapai ni bomba la asili: kikikatwa ncha na kupasuliwa kidogo hutoa sauti kama ya baragumu, na kikichovywa kwenye maji ya sabuni hupuliza mapovu. Kikonyo cha mbarika nacho kina uwazi, na watoto wanajua hivyo, ila kwa sababu nilizokwisha kuzitaja ninapendelea mpapai. Machipukizi ya maua ya mti wa Nandi flame, uliopandwa kando ya barabara nyingi za jiji, yamejaa maji, na yakitobolewa nchani na kubanwa hurusha mchirizi. Maji hayo hutia doa nguo nyeupe, kwa hiyo sare za shule zivuliwe kwanza.

Rangi ndiyo sehemu ambayo ningependa muipe muda mrefu kuliko zote. Anza na buluu ya mukengeria, lile gugu laini linalotambaa baada ya mvua na kufungua maua madogo ya buluu asubuhi. Mtoto akisugua petali moja kwenye karatasi nyeupe hupata alama ya buluu safi ambayo penseli za dukani hazina. Japani, mafundi wa kutia nakshi kwenye hariri wamelitumia ua la mmea ulio ndugu ya mukengeria kuchorea ruwaza zao za awali, kwa sababu ile tu kwamba buluu hiyo hutoweka ikioshwa kwa maji, na mchoro wa majaribio haubaki. Maua hunyauka kufikia mchana, kwa hivyo kazi ya mukengeria ni ya mapema.

Kisha nendeni kwa rangi zinazobadilika. Matunda ya managu yaliyoiva na kuwa meusi, au petali nyekundu za haibiskasi ya uani, yakipondwa kwa maji kidogo na kuchujwa kwa kitambaa hutoa wino. Ugawe wino huo katika vifuniko vitatu vya chupa: kimoja kibaki kilivyo, cha pili ukitilie matone ya ndimu, na cha tatu chembe za magadi, yale yale ya kulainishia maharagwe, ambayo asili yake ni Ziwa Magadi lililo kusini magharibi mwa jiji. Wa ndimu utageuka kuwa mwekundu unaong'aa, na wa magadi utaelekea buluu au kijani mbele ya macho yao. Kinachobadilika ni kemikali iitwayo anthosianini, ambayo rangi yake hufuata ukali wa asidi, na mtoto wa miaka 9 anaweza kuitumia kupima kama maji ya sabuni, siki au majivu yako upande wa ndimu au wa magadi. Managu ambayo bado ni mabichi yasitumike, maana yana sumu, na wino wowote wa magugu uwekwe mbali na vikombe vya kunywea. Kuna tahadhari nyingine ambayo wengi hawaijui: maji ya ndimu yaliyobaki kwenye ngozi yakipigwa na jua kali huweza kuleta malengelenge na madoa meusi yanayokaa majuma kadhaa, kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kutoka nje.

Manjano ya kudumu hutoka kwa alizeti mwitu, ile yenye maua makubwa inayoota kando ya barabara, au kwa mubangi, lile gugu refu lenye harufu kali ambalo, licha ya jina lake, halina uhusiano wowote na bangi. Nimewahi kulazimika kulieleza hilo kwa muda mrefu mbele ya mlinzi wa lango, nikiwa na gunia zima mgongoni. Kwa kitambaa cha gramu 100 tumia maua mabichi yasiyopungua uzito huohuo, yachemshe taratibu kwa saa moja, uyachuje. Kitambaa kwanza kichemshwe katika maji yenye gramu 10 hadi 15 za shabu, kwa sababu rangi peke yake huoshwa na mvua ya kwanza, na shabu ndiyo inayoishikiza kwenye uzi. Sufu hupokea rangi vizuri kuliko pamba. Pamba huhitaji kulazwa kwanza usiku kucha katika chai ya rangi iliyokolea sana, ambayo ina tanini, na matokeo yake ni manjano yenye wekundu wa udongo. Ukitumbukiza misumari yenye kutu katika rangi hiyo iliyobaki, itageuka kuwa kijani cha zeituni, na kwa kuendelea, karibu na nyeusi. Kazi ya kuchemsha ni yako, si ya watoto, ifanyike nje kwenye jiko la makaa, na sufuria ile isirudi tena jikoni kwa chakula.

Brashi msinunue. Kipande cha mti wa mswaki kinachouzwa barabarani kikipondwa ncha kwa jiwe hutoa brashi ngumu nzuri. Nasema kipondwe kwa jiwe kwa makusudi, kwa sababu mtoto aliyezoea kutafuna vijiti hatachagua kijiti.

Kwa kuwa mkubwa wako yuko katika umri wa kungoja jambo kwa siku kadhaa, mpe pia kazi ya jua. Mwaka 1842 mwanasayansi wa Uingereza, John Herschel, alieleza namna ya kupata picha kwa maji ya petali bila kamera. Karatasi nene hupakwa maji ya mmea wenye rangi kali mara mbili au tatu na kukaushwa kivulini. Maji ya managu yaliyoiva, ya biturutu au ya spinachi yanafaa. Jani lenye umbo zuri hulazwa juu yake, likabanwa kwa kioo cha fremu kuukuu ya picha, na vyote vikaachwa juani. Jua hupausha rangi iliyo wazi, na iliyofunikwa na jani hubaki, hata mwishoni, kioo kikiondolewa, kivuli cha jani kinaonekana na kingo zake zote. Huchukua siku mbili hadi juma zima. Nairobi iko karibu na ikweta na juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo Januari na Februari kazi huenda upesi. Julai, mawingu yanapofunika jiji toka asubuhi, mtangoja mpaka mchoke, na bora mwezi huo muufanye wa kusokota kamba. Picha hizo zihifadhiwe ndani ya kitabu, maana jua lililozichora halijamaliza kazi yake.

Kuhusu vifaa vya shule, ninawahurumia wazazi. Tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika katika madarasa ya chini mwaka 2019, nimewaona wazazi wakihangaika saa mbili usiku kutafuta “vifaa vya asili”, ilhali gugu lililokaushwa vizuri lingekuwa limengoja ndani ya gazeti tangu likizo. Chumeni wakati wa mvua ndefu, Aprili, mmea ukiwa na ua. Ulazeni kati ya magazeti chini ya vitabu vizito. Badilisheni magazeti kila siku kwa siku tatu au nne za mwanzo ili usiote ukungu, na baada ya siku kumi hivi uko tayari. Gundi iwe ya uji mzito wa unga wa ngano. Sisitiza kwamba kila karatasi iandikwe jina la mmea, mahali ulipochumwa, tarehe na rangi ya ua lilipokuwa bichi, kwa kuwa rangi hiyo itafifia na hakuna atakayeikumbuka. Mwalimu akiipokea karatasi yenye maelezo hayo atakuwa na la kufundisha, na mtoto atakuwa na la kusema mbele ya darasa.

Karatasi hizo zina matumizi mengine kwako wewe. Katika Makumbusho ya Taifa, pale Museum Hill, ndipo lilipo Habaria ya Afrika Mashariki, hifadhi kubwa ya mimea iliyokaushwa kwa njia ileile ya magazeti, na wataalamu wake huwasaidia watu kutambua mimea. Kiwanjani kwako hapatakosa gugu moja au mawili ambayo wewe, jirani na nyanya wa watoto mtashindwa kuyataja. Ukaushe mmea huo ukiwa na shina, jani, ua na tunda kama vyote vipo, uliza kwanza kama kuna ada, kisha mwende nao pamoja na yule mkubwa, naye ndiye aubebe. Mpaka jina lipatikane, mmea huo uzungushieni mawe machache, na watoto wajue kwamba ndani ya mawe hayo hakuchumwi.